Njoo Ubaoni

Miaka 5 niliyokuwa diwani, watu wa kata yetu waliendelea kuniita Mwalimu. Aliyeniita Mheshimiwa nilijua ana shida ya hela.

Wa kwanza alikuja Desemba 2015, siku iliyofuata baada ya kuapishwa. Saa 11 alfajiri mlango unagongwa. Natoka, namkuta mtu niliyemfundisha yeye na mwanawe. "Mheshimiwa, tumefiwa. Sanda." Nikatoa. Saa 2 akaja mwingine na karatasi ya hospitali. Adhuhuri ukaja mchango wa maulidi. Jioni wakaja vijana wa timu, wanataka jezi, tena wameshachagua na rangi. Usiku mke wangu akanitolea kaunta buku ya kwaya 3 na rula, akachora mistari kama rejista ya mahudhurio: tarehe, jina, shida, kiasi. "Andika," akasema. "Wewe kitu bila kukiandika hukioni."

Niliandika. Ulipoingia mwezi wa Ramadhani wa 2016, nusu ya daftari ilikuwa imekwisha, na kiinua mgongo changu kilikuwa kinafuata njia hiyohiyo.

Nilikuwa nimefundisha shule za msingi miaka 32. Nilitoka Chuo cha Ualimu Mtwara mwaka 1983 na sanduku la bati, nikapangiwa huku juu, Uwanda wa Makonde, na sikuondoka tena. Mwaka 2015 nilitimiza miaka 55, ndio umri wa kustaafu kwa hiari, nikaandika barua. Wenzangu ofisini walinihesabia vidole: posho ya diwani kwa mwezi ni shilingi 350,000, chini ya nusu ya mshahara unaouacha. Hesabu hiyo niliijua. Ya kaunta buku sikuijua. Kila uchaguzi ukikaribia wapo walimu wanaonipigia simu kuniuliza kampeni inagharimu kiasi gani, na mimi huwajibu kwamba kampeni ni rahisi, inaisha. Udiwani ndio ghali.

Kwenye kampeni nilipenda kuwakumbusha watu kwamba Mwalimu Nyerere naye aliacha kazi ya kufundisha Pugu mwaka 1955, akachagua siasa. Niliuona mfano mzuri sana. Mpaka mkutano mmoja mzee akanyoosha mkono kutoka nyuma, "Yeye alituletea uhuru. Wewe unatuletea uhuru wa nini?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, ila mfano ule sikuurudia.

Nilishinda kwa sababu moja tu: karibu kila mpiga kura wa chini ya miaka 40 katika kata ile alipita mikononi mwangu, au mkono wangu ulipita kwake. Nilidhani huo ni mtaji. Ulikuwa mtaji, lakini na deni lilikuwemo humohumo.

Kazi yenyewe ya diwani watu wengi hawaijui, na mimi mwenyewe sikuijua vizuri. Unaongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo wote tunaiita WDC, na katibu wako ni mtendaji wa kata. Kila miezi 3 unapanda kwenda halmashauri kwenye baraza. Huko unakabidhiwa kabrasha, karatasi zenye unene wa tofali, mara nyingi siku chache tu kabla ya kikao. Mkurugenzi ndiye katibu wa baraza, lakini hukumwajiri wewe na humfukuzi wewe. Unaweza kuuliza. Nguvu ya diwani iko hapo, kwenye kuuliza, na anayeuliza lazima awe amesoma.

Kusoma mimi sikushindwa. Madiwani wenzangu wengi walifungua kabrasha kwenye kikao. Mimi nilisahihisha kabrasha nyumbani usiku, kwa kalamu nyekundu, kama madaftari ya darasa la 6. Ndivyo nilivyoyaona matundu ya vyoo.

Ilikuwa taarifa ya utekelezaji ya mwaka 2017. Kata yetu, shule ya msingi fulani: matundu 8 ya vyoo, yamekamilika. Shule ile naipita kila siku. Matundu yaliyopo yalikuwa 4, na ubavuni pake shimo wazi lililozungushiwa miiba ili watoto wasitumbukie. Ukumbuke mwongozo ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25, na ile shule ilikuwa imefurika. Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza, darasa la kwanza tuliandaa nafasi za watoto 90 wakaja 170. Wengine walikuwa na miaka 10, wazazi wao walikuwa wanawaficha kwa kukosa michango.

Barazani nilisimama nikauliza. Jibu lilikuwa kwamba taarifa imetoka kata, mtendaji wako ndiye aliyeandika, na taarifa ikapokelewa kwa marekebisho. Nilirudi nyumbani nimekasirika kwa namna ambayo mwalimu anaijua: mwanafunzi wako ameiba jibu, tena ameiba jibu la uongo.

Maana mtendaji yule nilimfundisha. Alikuwa kijana wangu wa hesabu, darasa la 4 mpaka la 7, mwepesi, mpole, mwandiko mzuri. Wakati ule alikuwa na miaka 30 na kitu, ana mke na watoto 3. Alikuwa ameoa katika kijiji kilekile chenye shule, na kama desturi ya huku kwetu, alijenga kwa wakwe.

Wiki mbili baadaye ulikuwa mkutano mkuu wa kijiji, ule wa kila miezi 3 wa kusomewa mapato na matumizi. Kwa kawaida mtu husimama akasoma tarakimu harakaharaka kama anasoma dua, watu wakaitikia, wakaondoka. Nikasema safari hii wataona kwa macho. Nikaazima ubao shuleni, ule wa kizamani wa mbao, tuliokuwa tunaupaka unga wa betri kuukuu uliosagwa na majani ya muhogo mpaka unakuwa mweusi wa kuteleza. Vijana 3 waliubeba, wakauegemeza kwenye mwembe. Nilikuja na chaki zangu mfukoni.

Niliandika fedha za kijiji, mstari kwa mstari. Watu walisogea mbele. Akina mama waliokuwa pembeni wakahama, wakakaa chini kabisa karibu na ubao. Ningeishia pale, ingekuwa siku yangu bora katika siasa.

Lakini nikaandika: Mpango, 8. Yaliyopo, 4. Nikamgeukia mtendaji, nikamwita kwa jina lake la utotoni, lile la uani, si la kwenye barua. "Njoo ubaoni."

Alidhani namwita kutoa maelezo. Akaja akiwa ameshika faili lake. Nikampa chaki. "Toa."

Kimya kilichopita pale nakisikia mpaka leo. Akatazama ubao. Akaandika 4. Mkono haukutetemeka, mwandiko ulikuwa uleule mzuri. Mimi nikaugeukia mkutano nikasema, "Mpigieni makofi ya kilo," na watu wakapiga, wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mama mkwe wake alijivuta khanga usoni, akanyanyuka, akaondoka bila kuaga.

Nilirudi nyumbani nimeridhika. Mke wangu, ambaye hakuwepo lakini alishasikia kabla sijafika, hakuniuliza habari za mkutano. Akaniuliza, "Ulikuwa na fimbo pia?"

Ukweli wa yale matundu niliupata baadaye, na niliupata kwenye makaratasi yangu mwenyewe. Mpango ulikuwa kwamba halmashauri italeta saruji, bati na milango, na wananchi watachimba shimo, watasomba mchanga na mawe, na kila kaya itatoa shilingi 5,000. Halafu ikaja elimu bila ada. Waraka haukukataza watu kushiriki ujenzi kwa hiari, lakini mtaani ulisomwa kwa neno moja: bure. Mtendaji alipita nyumba kwa nyumba na daftari la michango, akafukuzwa na mbwa na watu. "Serikali imesema bure, wewe unatuibia." Alilileta jambo hilo kwenye WDC. Muhtasari upo. Aliomba tutafute njia nyingine. Mwenyekiti alijibu: "Wahamasishe." Chini kuna sahihi ya mwenyekiti, na mwenyekiti ni mimi.

Kisha siku moja akapigiwa simu kwamba taarifa inatakiwa leo kabla ya saa 9. Fomu ina safu ya mpango na safu ya yaliyokamilika. Akanakili. Alikosea, sitamsafisha. Ila kosa lile tulilifanya wawili na mimi nilimpandisha ubaoni mmoja.

Hakulipiza kisasi kama watu walivyotarajia. Alifanya kitu kibaya zaidi, aliniheshimu. Kuanzia siku ile barua zake zilifika kwa wakati, zimegongwa muhuri, hazina kosa hata la koma. Habari hazikuja. Zamani alikuwa akipita jioni, anakaa barazani, anasema, "Mwalimu, kule kitongoji cha bondeni kuna mgogoro wa shamba unachemka," au "Mwalimu, yule fundi mchunge." Hilo likafa. Diwani ambaye mtendaji wake hamwambii kitu anajua yaliyoandikwa tu, na kwenye kata yaliyoandikwa ni sehemu ndogo sana.

Nilikuja kuuona upofu ule vizuri mwaka 2018, mwaka wa korosho.

Kwa asiyeijua Mtwara: huku korosho ni mshahara, ni ada, ni bati, ni mahari. Msimu wa 2017 bei mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo na pikipiki mpya zikajaa barabarani. Halmashauri zetu nazo zinaishi kwa ushuru wa zao hilohilo, asilimia 3 ya bei. Oktoba 2018 wakulima wakakataa bei za mnada, zilikuwa chini mno, na Novemba Serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300, magari ya jeshi yakaja kusomba. Wenye mzigo mkubwa ikabidi wahakikiwe mashamba kwanza, kwa sababu ya kangomba, yaani watu wanaonunua korosho za maskini vijijini kwa kipimo cha bakuli, kabla ya msimu, kwa bei ya njaa. Walimu nao tumo humo, tusidanganyane. Wakati wa kufungua shule mzazi anakuja na ndoo ya korosho, wewe una elfu 20 mfukoni. Wangapi wetu tuliikataa?

Watu walikuja kwangu kila siku. Hela lini? Uhakiki lini? Na mimi nilikuwa na miaka 35 ya kujibu maswali. Mwalimu hasemi sijui. Akibanwa husema tutaliona kesho. Nikawa nasema: wiki ijayo. Nilisema wiki ijayo mpaka bibi mmoja mwenye magunia 4 tu akaniambia, "Mwalimu, wiki yako ina siku ngapi?" Siku ile nilijaribu neno jipya. Nikamwambia, "Bibi, sijui. Kesho nakwenda wilayani kuuliza, nikirudi nitapita hapa, hata kama nimerudi mtupu." Nikapita, mtupu. Alinipa maji ya kunywa, na huku kwetu maji si kitu cha kumpa mtu ovyo.

Hilo la maji nilieleze, kwa sababu ndilo lililonipatia kitu pekee ninachojivunia.

Uwanda wetu uko juu na mchanga wake unameza mvua. Mito iko chini kabisa, mabondeni. Mradi wa maji wa Makonde upo tangu enzi za ukoloni, lakini bomba halifiki kila mahali na hata linakofika kuna siku linakohoa tu. Kwa hiyo anayejiweza huchimba kisima cha saruji uani na kukinga mvua kutoka kwenye paa la bati. Nyumba ya nyasi haivuni maji. Ukitaka kujua nani ana maji, tazama mapaa.

Kilikuwepo kitongoji kimoja kilomita 7 kutoka shule. Watoto wa miaka 6 na 7 hawakuwa wanakwenda; walianza shule wakiwa na miaka 9 au 10, miguu ikishakomaa. Mwaka 2019 nikaenda pale na wazo la shule shikizi, darasa la kuanzia watoto wadogo. Mwaka 2017 ningebeba ubao. Safari hii sikubeba kitu. Nikakaa mkekani, nikasema nimekuja kusikia, kisha nikanyamaza. Kunyamaza kulinitesa kuliko kusimama juani. Wanaume wakazungumza saa nzima habari za salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, na bei yake. Sikuingilia. Wanawake wakaanza mwisho, na hawakuzungumzia shule hata kidogo. Walizungumzia ndoo. Saa wanazoondoka, saa wanazorudi, binti gani anabaki na mtoto wakati mama yuko bondeni. Halafu mmoja, mjane ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno, akauliza: "Hilo darasa lenu litakuwa na bati?"

Nikasema ndiyo.

"Bati ngapi?"

Nikampigia hesabu. Akageuka kwa wenzake wakazungumza Kimakonde haraka. Walilokubaliana ni hili: kisima kwanza, cha saruji, mlango wake ufungwe kwa kufuli, ufunguo ukae kwa wanawake. Darasa lijengwe juu ya ukuta wowote, hata wa udongo, mradi paa liwe la bati na mifereji iende kwenye kisima. Kwao darasa lilikuwa paa, na paa lilikuwa maji. Michango iliyonishinda kata nzima, kwa vyoo na kwa kila kitu, pale ilitimia kabla ya masika. Hakuna aliyesema Serikali imesema bure.

Darasa lile la udongo lilikuwa bovu, ukweli usemwe. Ukuta mmoja ulipinda. Lakini watoto 43 waliingia, na kisima kikajaa mvua ya kwanza. Sikuwahi kuandika jambo hilo kwenye bango la kampeni kwa sababu sikujua niliandikeje. Nilikaa, nikanyamaza, wakajenga?

Julai 2020 zikaja kura za maoni ndani ya chama, za kumpata mgombea, na wanaopiga ni wajumbe. Mwaka ule nchi nzima ilikuwa na msemo mmoja, "wajumbe si watu." Wanakula chakula chako, wanakuapia, kisha wanakupigia kura za huruma. Mimi nilipata 23 kati ya 87. Mtendaji ni mtumishi wa umma, hakuwa na kura pale. Lakini mjomba wa mkewe alikuwa mjumbe, na ndugu zake, na watu wa kijiji kile chote cha ubao. Kwetu mjomba ni mtu mzito.

Kwa hiyo msemo ule sikuuimba na wenzangu. Wajumbe ni watu sana. Mmoja wao, mzee wa heshima, alinifuata jioni ile nikiwa nakunja kiti changu cha plastiki. "Mwalimu," akaniambia, "watoto wetu uliwachapa, tukakushukuru. Mtu mzima hachapwi." Akanisaidia kubeba kiti mpaka kwenye bodaboda.

Oktoba 2021 zilitoka fedha za UVIKO, mkopo wa trilioni 1.3, nchi nzima ikajenga madarasa 15,000, na katika hayo 3,000 yalikuwa ya shule shikizi. Kila darasa milioni 20. Kile kitongoji kilipata 2, kwa sababu kulikuwa na watoto tayari wameketi na maji ya kuchanganyia saruji yapo. Aliyekata utepe ni diwani mpya. Nilikwenda, nikakaa kwenye maturubai na wageni wengine, na sitasema sikuona wivu. Niliuona. Lakini nilipotazama kando, ufunguo wa kisima ulikuwa bado shingoni kwa yule mjane.

Mtendaji alihamishwa. Sikumwona muda mrefu. Mwaka 2022 nilikuwa stendi ya Masasi nasubiri basi, nikasikia nyuma yangu, "Shikamoo, Mwalimu." Nikamjua kwa sauti kabla sijageuka. Jina la uani lilinijia mdomoni, nikalimeza.

"Marahaba, Mtendaji."

Alitulia kidogo. Akaniuliza hali ya nyumbani, nikamuuliza watoto. Mkubwa yuko kidato cha 2. Akauliza habari za kata, kisha, kama mtu anayeuliza jambo la pembeni, akataka kujua pale shuleni vyoo vimefika wapi.

"Matundu 8," nikamwambia. "Nimeyahesabu mwenyewe."

Akanitazama mifukoni. "Leo hujabeba chaki?"